Bodi Itakutana

Sentensi ninayotaka tuisome ina maneno sita tu: Bodi itakutana mara nne kwa mwaka. Imo katika katiba ya asasi moja ndogo ya hapa Kihonda ambayo mimi ni mjumbe wa bodi yake, lakini msomaji asihangaike kutafuta ni ipi. Sentensi hiyo imo katika karibu kila katiba ya kikundi niliyowahi kuishika mkononi, iwe ya kina mama wa VICOBA, ya kufa na kuzikana, ya wafuga kuku au ya kituo cha kulea watoto. Mwaka wangu wa kwanza bodi yetu ilikutana mara moja. Nilipouliza sababu, mzee mmoja aliyezeekea kwenye kamati alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "katiba haijasema uongo. Imesema itakutana. Na itakutana."

Watu walicheka, nami nikacheka. Usiku, nikiwa nimelala, nikaona kwamba mzee yule alikuwa amefanya uhakiki ambao mimi, niliyefundisha fasihi miaka yote hiyo, sikuwa nimeufanya. Aliisoma fani.

Waliosoma Kiswahili sekondari wanakumbuka ubao ulivyogawanywa: upande huu maudhui, upande ule fani. Maudhui ndiyo tuliyoyapenda, maana dhamira na ujumbe hujazika hata kama kitabu umekisoma nusu. Fani tuliikariri kama majina ya mito: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mwalimu alipouliza fani hiyo inafanya kazi gani ndani ya kazi hiyo, darasa lilitazama chini. Tumekuja na ugonjwa huo mpaka kwenye vikao. Mjumbe mpya wa bodi akipewa katiba hufungua dira, dhamira na malengo, akaridhika kwamba asasi ina nia njema, akaifunga. Semina za uongozi nazo humweleza majukumu yake kwa jumla, kusimamia, kushauri, kuidhinisha, halafu unakuja wali. Hakuna anayemwambia kwamba mamlaka ndani ya asasi hayakai kwenye malengo. Yanakaa kwenye kiambishi cha kitenzi, na kwenye nafasi ambapo jina la mtu lilipaswa kuwepo na halipo.

Niseme kwanza kwa nini Kihonda. Ukitoka Msamvu ukaishika barabara ya Dodoma, Uluguru ukauacha nyuma yako, unaingia katika makazi ya watu waliokuja. Wapo waliofuata viwanda, enzi za miaka ya 1970 na 1980 Morogoro ilipopangwa iwe mji wa viwanda. Wapo walioletwa na VETA, na Magereza, na uhamisho wa kikazi. Wapo waliostaafu Dar es Salaam wakaona kiwanja cha huku kinashikika. Tangu Juni 2024 treni ya umeme nayo inashusha watu. Mtu ambaye ukoo wake uko Kasulu au Bukoba hawezi kungoja ukoo uje kumzika. Anahitaji majirani, na majirani wasio wa ukoo mmoja wanahitaji karatasi. Karatasi hiyo huitwa katiba, na msiba wa kwanza ndio mtihani wake.

Kisha serikali nayo ikaongeza sababu. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kisicho na katiba hakifiki hata mlangoni. Matokeo yake kila steshenari ina faili lake la katiba kwenye kompyuta. Unakwenda na jina la kikundi na orodha ya viongozi, kijana anabadilisha panapohusika, anachapa, unalipa. Nimesoma katiba ya waendesha bodaboda ambayo ibara yake ya malengo ilikuwa bado inawazungumzia "wafugaji wenzetu". Lakini sitaki kuwacheka. Utenzi nao hurithiwa umbo: anayetunga hachagui mizani, anaipokea. Swali la mhakiki ni kile umbo lililorithiwa linachokubali kisemwe na kile linachokizuia.

Turudi kwenye maneno sita. Kiswahili kingeweza kusema jambo hilo kwa namna tatu. Bodi hukutana mara nne kwa mwaka: hapo msemaji ni shahidi, ameona na anaeleza desturi. Bodi ikutane mara nne kwa mwaka: hapo kuna anayeagiza na anayeagizwa, na asiyetii anajulikana. Bodi itakutana: hapo tumeingia wakati ujao, uwanja wa ahadi na utabiri. Mtabiri wa hali ya hewa husema mvua itanyesha, na isiponyesha hakuna anayempeleka polisi.

Kwa nini basi katiba zetu zimeishika -ta- kwa mikono miwili? Kwa sababu zimezaliwa na maandishi ya Kiingereza. Sheria za nchi hii ziliandikwa kwa lugha hiyo miaka mingi, na ndani yake neno shall lilikuwa na kazi maalumu. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu chake cha 53, inalifafanua kuwa wajibu usio na hiari, tofauti na neno linalompa mtu uhuru wa kufanya au kuacha. Neno hilo kwa sura yake linafanana na wakati ujao wa Waingereza, na wafasiri wa mwanzo walipolikuta wakaliweka -ta-. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 yenyewe imejaa "kutakuwa na", na kutoka huko juu mtindo ukashuka mpaka kwenye kikundi cha watu 15 wenye sufuria mbili na turubai. Mwaka 2021 Bunge likabadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, jambo jema lililochelewa. Lakini lugha ya sheria iliyopokelewa ni ile ile ya -ta-.

Mwanasheria atanirekebisha hapa, na atakuwa na haki. Mahakamani "itakutana" itasomwa kama wajibu. Sawa. Ila bodi haikai mahakamani. Inakaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwarobaini, Jumapili saa kumi jioni, na pale masikio yanasikia Kiswahili cha kawaida. Mwingine ataniambia ahadi ni deni. Nakubali, lakini deni lina mdai. Katika "bodi itakutana" mdai ni nani? Sentensi haina. Haimtaji anayeitisha, haimtaji wa kuuliza pasipoitishwa, haitaji tarehe. Ina mtenda mmoja tu, Bodi, ambaye ni mkusanyiko wa watu saba, kila mmoja akiamini kwamba bodi ni wale sita wengine.

Kuna kiambishi kingine kinachostahili kutazamwa kabla hatujaondoka ukurasa wa kwanza, na ni kile ambacho hakionekani tena ukigeuza ukurasa. Katiba nyingi hufunguka kwa nafsi ya kwanza wingi: sisi wakazi wa mtaa fulani, kwa kutambua hili na kwa kuzingatia lile, tumeamua. Tu-, tu-, tu-. Ni utangulizi wenye joto, hata ukiwa wa kunakili. Halafu ibara ya kwanza inaanza na "sisi" anatoweka, asirudi mpaka mwisho. Mahali pake wanakuja wahusika wenye vyeo: Mwanachama, Mwenyekiti, Katibu, Bodi. Waliokuwa wanasema sasa wanasemwa. Katika tamthilia tungesema mhusika mkuu amefia onyesho la kwanza. Na kweli, ukihudhuria mkutano mkuu wa kikundi cha mwaka wa tatu, utawasikia wanachama wakiita asasi yao wenyewe "hawa": hawa wamesema, hawa wamekula, hawa wanatuchelewesha. Sarufi ya katiba ilishawaonyesha njia.

Vyeo vyenyewe vina hadithi. Mwenyekiti ni mwenye kiti, na Kiswahili hakikuficha umiliki uliomo. Mjumbe ni aliyetumwa. Neno linabeba ndani yake swali la nani kamtuma, na ndiyo maana napenda zaidi kuitwa mjumbe kuliko kitu kingine chochote. Lakini neno linalovuruga watu kuliko yote ni mdhamini.

Chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318, asasi, kanisa, msikiti au klabu inaweza kuwaandikisha wadhamini wake kwa RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, na wakishaandikishwa wanakuwa mtu mmoja mbele ya sheria: anayemiliki kiwanja, anayeshtaki na kushtakiwa, asiyekufa hata wajumbe wake wakifa. Lisome jina lake polepole: Bodi ya Wadhamini Waliosajiliwa wa, kisha jina la asasi. Hiyo "wa" ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mwenye utu wa kisheria ni wadhamini; asasi imebaki nyuma ya kihusishi kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Wanachama mia mbili wanaweza kuamini kiwanja ni chao, wakashangaa siku ya kesi kugundua kwamba aliye na sauti ni wale watano ambao hawajawahi kuwaona. Njia nyingine zipo, ama chama chini ya Sura ya 337, ama shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya 2002 na marekebisho yake ya 2019, ambako shirika lenyewe ndilo linalopewa utu huo. Mtu akikualika uwe mjumbe, muulize kwanza ni ipi kati ya hizo. Jibu litakuambia wewe ni mmiliki kwa niaba ya wengine au mshauri tu.

Ila neno lenyewe. Mdhamini ni anayekutoa mahabusu. Mdhamini ni anayesaini mkopo wako SACCOS, akanuna. Mdhamini ni kampuni iliyoandikwa kwenye jezi: SportPesa ilipozidhamini Simba na Yanga mwaka 2017, kila mtoto wa Kihonda alijua mdhamini ni mwenye fedha. Na klabu hizo hizo zina Bodi ya Wadhamini, ambayo haitoi hata soksi. Kwa hiyo mstaafu wa watu, mwenye nyumba nzuri na gari lisilokohoa, anaombwa awe mdhamini wa kituo cha watoto. Yeye anaelewa ameombwa kulinda mali. Waliomwomba wanaelewa wamepata mtu wa kutoa mchele. Miezi sita baadaye kila upande unamwona mwenzake hana shukrani, na hakuna aliyekosea. Neno lilikuwa na milango minne na kila mtu aliingilia wake.

Hesabu nayo ni fani, ingawa walimu wa fasihi tunaikimbia. Bodi yetu ina watu saba na katiba inasema akidi itakuwa nusu ya wajumbe. Nusu ya saba ni watatu na nusu. Tumewahi kubishana dakika 40 juu ya nusu hiyo, huku ajenda ya paa linalovuja ikingoja. Lingeandikwa "zaidi ya nusu" wangekuwa wanne, basi. Na hapo pia angalia: wakiwapo wanne, watatu wakinyoosha mikono, watatu hao wameiamulia bodi nzima. Jambo zito zaidi ni theluthi mbili za kubadilisha katiba. Theluthi mbili ya nani? Kikundi cha watu 60, akidi ikiwa 30, theluthi mbili ya waliohudhuria ni 20; theluthi mbili ya wanachama wote ni 40. Neno "waliohudhuria" lina thamani ya watu 20, na mara nyingi halipo, wala kinyume chake hakipo. Anayejua limekosekana hulisoma anavyotaka siku anayotaka.

Sasa tufike mahali ambapo fani ilivunja nyumba kubwa. Agosti 2015, chini ya miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu, Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa chama cha CUF. Juni 2016 akaandika barua kwa Katibu Mkuu, Maalim Seif Sharif Hamad, kueleza kwamba anafuta kujiuzulu kwake. Agosti hiyo mkutano mkuu maalumu ukaitishwa Dar es Salaam, ukaishia kwenye vurugu. Septemba, Msajili wa Vyama vya Siasa, Jaji Francis Mutungi, akatoa msimamo kwamba Lipumba bado ni mwenyekiti, na hoja iliyokuwa moyoni mwa msimamo huo ilihusu katiba ya chama: kujiuzulu hakukamiliki kwa barua ya anayejiuzulu, kunahitaji kukubaliwa na mamlaka iliyomchagua. Mpaka anafuta kujiuzulu kwake, mamlaka hiyo haikuwa imekaa na kukubali. Ugomvi ukasambaa mpaka RITA, juu ya nani hasa ni wadhamini wa chama. Machi 2019 Mahakama Kuu ikatoa hukumu iliyombakiza Lipumba kitini, na Maalim Seif na wafuasi wake wakahamia ACT-Wazalendo.

Sizungumzii siasa zake. Kila mtu alikuwa na upande wake na najua msomaji ana wake. Nazungumzia kitenzi. Kukubaliwa ni kauli ya kutendwa. Ni kauli halali, ina adabu, na inaweza kumtaja mtenda kwa "na": kukubaliwa na mkutano mkuu. Kinachokosekana ndani yake ni saa. Kukubaliwa ndani ya siku ngapi? Mamlaka isipoitishwa mwaka mzima, mtu aliyeondoka ameondoka au hajaondoka? Na kunyamaza je, ni kukubali? Waswahili husema kimya ni jibu. Hawakusema ni jibu gani. Kwa miezi kumi na zaidi chama kikubwa kiliishi ndani ya tundu la kitenzi kimoja bila kujua. Kila upande ulisoma maudhui ya ibara na kuona ni wazi kabisa.

Katiba yetu ya Kihonda ina binamu wa ibara hiyo: mjumbe asiyehudhuria vikao vitatu mfululizo atahesabika amejiondoa. Kwa bodi inayokutana mara moja kwa mwaka, mtu anahitaji miaka mitatu ya utoro ili aondoke. Lakini kilichonishika ni "atahesabika". Hii si kauli ya kutendwa tena. Ni ya kutendeka, ile ya -ik- na -ek-, na tofauti yake wanafunzi wangu walikuwa wakiiona ni uchokozi wa mwalimu. Kauli ya kutendwa humficha mtenda lakini humwachia kiti: hundi imesainiwa, unaweza kuuliza na nani, na sarufi itakusaidia. Kauli ya kutendeka imekiondoa kiti chenyewe. Kikombe kimevunjika. Ukiuliza "kimevunjika na nani", Kiswahili chenyewe kinakukatalia. Ni kauli iliyoumbwa kwa ajili ya mambo yanayojitokea: mlango umefunguka, kamba imekatika, maji yamemwagika.

Chukua sasa sentensi maarufu kuliko zote katika taarifa za mweka hazina: Fedha zilitumika kwa usafiri na viburudisho. Zilitumika. Kama kamba iliyokatika. Sitafuti ushahidi wa wizi katika sentensi hii, na mara nyingi wizi haumo. Mweka hazina wetu ni mama mnyoofu anayeuza vipuri vya pikipiki na anajua kila shilingi ilikopita. Lakini aliandika hivyo kwa sababu taarifa zote huandikwa hivyo, na siku atakapokuja mwenye mkono mwepesi atalikuta vazi limeshashonwa, tena kwa vipimo vyake. Mjumbe wa bodi anayesikiliza taarifa ya fedha kwa sikio la fani anahitaji swali moja tu, naye aliulize kwa heshima: mama, tunaomba uisome tena ukitumia "nilitumia" na "tulitumia". Nililiuliza mara moja. Ukumbi ulitulia, nikadhani nimemkosea. Akavaa miwani, akasoma upya, na alipofika kwenye "tuli-" ya tatu akasimama mwenyewe, akasema, "Hapa hatukuwa sisi. Hapa alikuwa mwenyekiti peke yake, na risiti hajaleta." Mwenyekiti alicheka, akaileta wiki iliyofuata.

Muhtasari wa kikao ni utanzu wa pekee na siku moja mtu atauandikia kitabu. Vichwa vyake ni mashairi mafupi. Yatokanayo na kikao kilichopita: kitenzi kimevaa -o ya urejeshi na nomino yake imedondoka njiani, ni mambo, tunajua, lakini hayatajwi, kana kwamba yanatoka yenyewe kikaoni kama moshi jikoni. Na Mengineyo, inayokaa mwisho kabla ya kufunga. Mengineyo kwa sura yake ni mabaki, makombo ya ajenda. Kwa uzoefu wangu ndiko kikao kilipo. Ajenda ya kwanza mpaka ya tano watu huunga mkono hoja asilimia mia, kwa lugha waliyoisikia bungeni kwenye redio, huku wakitazama saa. Ikifika Mengineyo mtu anakohoa, anaomba mwongozo wa mwenyekiti, halafu linatoka jambo la kiwanja. Saa hiyo akidi imeshavunjika, nusu wamekwenda kuwahi daladala, na katibu amechoka kuandika. Anayetaka niijue bodi yake anionyeshe ukurasa wake wa Mengineyo, siyo wa malengo. Na nikikuta maneno "kwa kauli moja", najiuliza ni kauli ya nani, maana mara nyingi inamaanisha hakuna aliyesema.

Hatuna uhaba wa miundo bora, na moja iko hapa hapa Morogoro. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993 kwa msukumo wa wakulima wenyewe na watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, una kaulimbiu ambayo kila mkulima mwanachama anaijua: Mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Isome kama ungesoma mstari. Haina -ta-, haina kutendwa, haina kutendeka. Ina "ni" tu, mzani wenye sahani mbili, na kila sahani ina mkulima. Ukiigeuza inabaki vile vile. Halafu "mwenyewe", neno linalofunga mlango kwa ndani: mtaalamu anaweza kualikwa, mfadhili anaweza kukaribishwa, lakini kazi ya utetezi imeshapata mwenyewe. Ningeipa jina la ibara ya kwanza ya katiba iliyofupishwa ikatosha kuchapwa kwenye fulana. Inajibu swali ambalo kurasa 20 za katiba yetu zinalizunguka: nani hasa.

Na juu kule mlimani kuna muundo mkongwe zaidi. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na ardhi na uongozi vilipita humo bila karatasi. Anayeshika nafasi hurithi jina: Kingalu wa Kinole akifa, mrithi wake anakuwa Kingalu, na hesabu inaendelea. Tazama inavyopishana na karatasi yetu. Katiba humvua mtu jina lake ili cheo kisimtegemee: si fulani, ni Mwenyekiti. Huko cheo humvisha mtu jina ili asiweze kujificha nyuma yake. Zote mbili zinatafuta kitu kile kile ambacho sheria ya wadhamini inakiita urithi wa kudumu, kwamba mtu afe na nafasi isife. Ila kosa la Kingalu lina mwenyewe. Kosa la "Bodi" linaelea. Sisemi turudi mlimani. Wanawake wa vikundi vya Kihonda wasingenielewa, na mimi ni mgeni wa kuja vile vile. Nasema tu kwamba Waluguru hawa ndio walioandamana mwaka 1955 kupinga amri ya kuchimba matuta, na pengine kumbukumbu ya amri kama ile ndiyo inayotufanya tuone -e ya "ikutane" ni kali mno, tukakimbilia -ta- yenye upole. Ni dhana yangu, siidai zaidi ya hapo.

Mwaka jana mkutano mkuu wetu ulikubali tubadilishe sentensi tatu. Tulizibishania kwa saa mbili, zaidi ya tulivyowahi kubishania fedha. Maneno sita yakawa mengi: Katibu aitishe kikao cha bodi kila baada ya miezi mitatu, asipoitisha ndani ya siku 14, wajumbe watatu wowote waitishe. Kwenye taarifa ya fedha tukaandika kwamba mweka hazina ataje aliyetoa na aliyepokea. Kwenye kujiuzulu tukaandika siku 30, na kwamba zikipita kimya, barua ihesabiwe imekubaliwa na bodi. Yule mzee wa "na itakutana" ndiye aliyeshikilia kwamba siku zitajwe. Alitaka 14, tukamsihi akubali 30.

Nikapeleka karatasi steshenari, nikaenda sokoni, nikarudi. Kijana alikuwa amemaliza, kurasa zimebanwa vizuri, nembo imenyooka. "Mwalimu," akaniambia akiwa ameridhika, "kulikuwa na makosa ya uandishi, nimekusahihishia. Uliandika aitishe, nimeweka ataitisha. Na hapa ataje, nimeweka watatajwa. Katiba zote ziko hivyo."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamwomba afungue tena ibara ya 14.